Laptopu Bondeni Kilombero: Tuongeze Kasi au Tuondoe Joto?

Anayetafuta namna ya kuovakloki kadi ya grafiki ya laptopu, yaani kuisukuma chipu iende kwa kasi kubwa kuliko ile iliyopangwa kiwandani, atakutana na maelekezo yanayofanana: pandisha masafa kidogo kidogo, fungua gemu nzito, mashine ikiganda rudi nyuma hatua moja. Maelekezo hayo si ya uongo. Kasoro yake ni kwamba yametungwa kwa ajili ya mtu aliyekaa katika chumba cha nyuzi joto 20 au 22, mwenye umeme wa kutegemewa na fundi wa vipuri vidogo mtaa wa pili. Mhariri wa video za harusi pale Ifakara na kijana mwenye kibanda cha gemu Mbingu hawana uhakika na lolote kati ya hayo matatu, na tofauti hiyo inageuza hesabu nzima. Katika Bonde la Kilombero, kinachoizuia kadi ya laptopu mara nyingi si masafa yake, bali ni joto inaloshindwa kulitoa na umeme inaoruhusiwa kuutumia. Kwa hiyo anayetaka kasi aanze kwa kuondoa joto na kupunguza volti. Kupandisha masafa kuje mwisho, tena kwa wachache.

Ili kuona kwa nini, ni lazima kwanza kuelewa kwamba kadi ya leo tayari inajiovakloki yenyewe. Tangu mwaka 2012, kampuni ya Nvidia ilipoleta kadi ya GTX 680 pamoja na utaratibu ilioupa jina la GPU Boost, masafa ya chipu hayakai tena mahali pamoja. Kadi hujipima kila wakati: inatumia wati ngapi, imefika nyuzi ngapi, ina volti kiasi gani. Pakiwa na nafasi, inapanda. Ikigusa mpaka mmojawapo, inashuka. AMD nao wana utaratibu wa namna hiyo. Maana yake ni kwamba mtu anapoongeza megahezi 150 kwa programu kama MSI Afterburner, haiambii kadi iende kasi hiyo muda wote. Anasogeza tu lengo. Kama kadi ilikuwa tayari inazuiwa na joto au wati, lengo jipya linabaki kwenye skrini huku kasi halisi ikiwa ileile, au ikishuka chini ya ile ya mwanzo baada ya dakika kumi za kazi.

Sheria ya fizikia inayotawala jambo hili ni fupi. Umeme unaoteketezwa na chipu huongezeka sambamba na masafa, lakini kwa volti huongezeka kwa mraba wake. Chukua kadi iliyopandishwa masafa kwa asilimia 8, na ili isigande ikahitaji volti zaidi kwa asilimia 5. Joto linalozalishwa litapanda kwa takribani asilimia 19. Sasa geuza upande wa pili: acha masafa yalivyo, punguza volti kwa asilimia 10, na joto linashuka kwa asilimia 19 hiyohiyo. Zamani uwiano huu haukuwa na ukali kiasi hiki, kwa sababu kila kizazi kipya cha chipu kilikuja na volti ndogo zaidi, kama Robert Dennard na wenzake walivyoeleza mwaka 1974. Neema hiyo ilikwisha katikati ya miaka ya 2000. Tangu hapo kila hatua ya mwisho ya kasi hununuliwa kwa joto jingi kuliko hatua iliyotangulia.

Watengenezaji wenyewe wanalijua hili vizuri kuliko mashabiki wao. Mwaka 2017 Nvidia ilitangaza laptopu za Max-Q, ambazo siri yake haikuwa kuongeza kitu bali kupunguza. GTX 1080 ya kawaida ya laptopu ilitumia wati 150, na ile ya Max-Q ikawekwa kati ya wati 90 na 110 bila kupoteza kasi kwa kiwango kinacholingana na umeme uliookolewa. Tangu wakati huo jina la kadi limeacha kusema kila kitu. RTX 3060 ya laptopu inaweza kuwa ya wati 60 au ya wati 115, na RTX 4060 ya wati 35 hadi 115, kadiri mtengenezaji wa mashine alivyoamua. Mnunuzi anayeona kibandiko kimoja kwenye mashine mbili anaweza kuwa anaangalia mashine mbili zilizo mbali sana kwa nguvu. Juu ya hapo, tangu mwaka 2020 kuna utaratibu wa Dynamic Boost, ambao unagawa umeme kati ya prosesa na kadi kama mfereji mmoja unaonywesha majaruba mawili ya mpunga: ukifungulia upande huu, ule mwingine unapungukiwa. Katika mashine iliyofungwa namna hiyo, kupandisha masafa bila kuongeza wati wala kupunguza volti ni kudai maji ambayo hayapo mferejini.

Hapo ndipo Bonde lenyewe linapoingia katika hesabu. Ifakara na vijiji vya Mbingu viko kwenye tambarare ya chini, chini ya milima ya Udzungwa, na kati ya Oktoba na Desemba, kabla mvua hazijakaza, joto la mchana hupita nyuzi 30 bila shida. Feni ya laptopu haina uwezo wa kuishusha chipu chini ya joto la chumba. Kazi yake ni kupunguza tofauti kati ya chipu na hewa inayoivuta. Kwa hiyo, kwa makadirio ya kawaida, kila nyuzi inayoongezeka chumbani inaongezeka pia kwenye chipu. Kadi inayotulia kwenye nyuzi 75 ndani ya chumba cha nyuzi 22 itakaribia nyuzi 87 katika chumba cha nyuzi 34 chenye paa la bati, na kwenye laptopu nyingi za Nvidia hapo ndipo kadi inapoanza kujipunguza yenyewe. Nafasi ambayo mwandishi wa maelekezo ya Ulaya anaiita akiba ya kuovakloki, bondeni imeshaliwa na hali ya hewa kabla mtumiaji hajagusa kitu. Ongeza vumbi la kiangazi linaloziba mapezi ya shaba, na kiti cha sofa au godoro linaloziba matundu ya chini, na utaona kwamba mashine nyingi za huku haziendi hata kwa kasi iliyoandikwa kwenye boksi.

Suala la umeme nalo lina kinaya chake. Mbingu iko kati ya mitambo miwili mikubwa ya maji: Kidatu, yenye uwezo wa megawati 204, upande wa kaskazini wa Bonde, na Kihansi, yenye megawati 180, upande wa Mlimba. Mto Kilombero wenyewe ndio unaochangia sehemu kubwa ya maji ya Rufiji, ambako Bwawa la Julius Nyerere la megawati 2,115 lilianza kuzalisha Februari 2024 baada ya mgawo uliowachosha watu mwaka 2022 na 2023. Lakini kuishi karibu na mitambo si kuishi karibu na umeme wa uhakika. Nguzo, mti ulioangukia waya na transfoma iliyoelemewa havijui bwawa lina maji kiasi gani. Kwa bahati, chaja ya laptopu huvumilia volti 100 hadi 240, kwa hiyo umeme mdogo wa jioni hauiui. Linaloumiza ni kukatika. Umeme ukikatika, laptopu inahamia kwenye betri, na karibu mashine zote hapo huikaba kadi ya grafiki kwa makusudi. Sababu iko wazi: betri za laptopu hutengenezwa zisizidi saa-wati 100, kikomo cha kawaida cha mashirika ya ndege, na kadi ya wati 115 pamoja na prosesa yake ingeimaliza betri hiyo ndani ya saa moja. Kasi iliyoongezwa kwa kuovakloki hupotea yote mara tu taa za chumbani zinapozimika. Kwa anayetegemea sola hali ni ngumu zaidi, maana mfumo wa paneli uliopimwa kwa taa, simu na televisheni haukupimwa kwa chaja ya wati 180.

Mtu anaweza kuuliza: yote hayo tukiyaweka kando, faida ni kiasi gani? Kwa kadi za laptopu, mafanikio ya kawaida ni asilimia 5 hadi 10 ya kasi ya grafiki. Kwenye gemu hiyo ni kutoka fremu 60 kwa sekunde hadi 63 au 66, tofauti ambayo jicho haliioni. Kwa kazi ya kipato ni ndogo zaidi, kwa sababu kadi ni sehemu moja tu ya safari. Tuseme mhariri anatoa video ya harusi kwa dakika 120, na asilimia 40 ya muda huo ndiyo inayotegemea hesabu za kadi. Nyingine ni prosesa, diski na kutafsiri mafaili. Kadi ikiongezwa kasi kwa asilimia 10, sehemu yake itapungua, lakini kazi nzima itaisha mapema kwa dakika 4 na ushee tu. Hii ni kanuni aliyoieleza Gene Amdahl mwaka 1967: kuharakisha sehemu hakuharakishi kazi nzima kuliko ukubwa wa sehemu hiyo. Tena hatua ya mwisho ya kufunga video hufanywa na kipande maalumu ndani ya chipu, nacho hakinufaiki sana na masafa ya sehemu inayochora picha.

Kisha kuna ukweli kwamba laptopu nyingi zinazofika bondeni ni zile zilizotumika ofisini nje ya nchi, Dell Latitude, HP EliteBook au Lenovo ThinkPad, ambazo nyingi hazina kadi ya pekee. Grafiki yake imo ndani ya prosesa ya Intel na inaazima ramu ya mashine. Hapa kuovakloki kwa kawaida kumefungwa, na hata kungefunguliwa kusingesaidia, kwa sababu kizuizi ni njia ya kumbukumbu. Ramu moja ya DDR4 ya kasi ya 2400 hupitisha gigabaiti 19.2 kwa sekunde, na zikiwa mbili katika nafasi mbili, njia huwa 38.4. Mwenye mashine yenye ramu moja na nafasi moja tupu akiongeza ya pili atapata nyongeza ya grafiki ambayo hakuna megahezi zitakazomletea, na bila kuongeza joto la maana.

Wapinzani wa hoja hii wana la kusema, na la kwanza ni zito: kadi ina ulinzi wake, ikizidi nyuzi zilizowekwa inajipunguza, ikizidi zaidi inazima. Kwa hiyo hatari iko wapi? Ni kweli kwamba kadi ya leo haiungui kwa mchana mmoja wa ujinga. Lakini ulinzi huo huzuia kifo cha ghafla, hauzuii uchovu. Mwezi Julai 2008 Nvidia ilitangaza kutenga kati ya dola milioni 150 na 200 kwa ajili ya chipu za laptopu zilizokuwa zikifa kuliko kawaida. Chanzo kilikuwa malighafi dhaifu ya kufungia chipu pamoja na mazingira ya joto ndani ya laptopu. Dell, HP na Apple waliongeza muda wa dhamana kwa wateja wao. Cha kuzingatia ni kwamba wateja hao walikuwa watu wa kawaida, si wa kuovakloki. Kilichoziua mashine zao ni kupata moto na kupoa mara nyingi: chipu na ubao vinatanuka kwa viwango tofauti, na vitone vya lehemu vilivyo katikati vinapasuka polepole. Malighafi zimeboreshwa tangu wakati huo, lakini fizikia ya kutanuka haijabadilika. Bonde nalo lina mchango wa ziada, kwa sababu kila umeme unapokatika katikati ya kazi nzito, kadi inapoa ghafla, kisha inapashwa upya umeme unaporudi.

Pingamizi la pili linahusu haki. Mashine ni mali ya aliyeinunua, na mtengenezaji hana sababu ya kumwekea mipaka. Katika hili wapinzani wako sahihi, na historia iko upande wao. Mapema mwaka 2015 watumiaji wa kadi za GTX 900 za laptopu waligundua kwamba draiva mpya imewafungia kuovakloki. Nvidia ilijitetea kwamba uwezo huo ulikuwa umeachwa wazi kimakosa, na kwamba mashine nyingi hazikubuniwa kwa joto hilo. Malalamiko yakawa makubwa, na ndani ya wiki chache kampuni ikaahidi kuurudisha katika draiva iliyofuata. Watumiaji walikuwa na haki ya kudai, maana viwango vya kiwandani ni vya tahadhari: vimewekwa ili hata chipu dhaifu kuliko zote katika kundi ivifikie, na chipu bora hubaki na nafasi isiyotumika. Lakini haki ya kufanya jambo haileti sababu ya kulifanya. Nvidia ilipoteza mabishano ya haki, na hoja yake kuhusu joto ikabaki imesimama.

Pingamizi la tatu ndilo linalogusa maisha ya watu. Kijana mwenye laptopu moja, asiye na uwezo wa kununua mpya, anaambiwa hapa kuna kasi ya bure. Nani amzuie? Jibu ni kwamba kasi hiyo si ya bure, ila gharama yake haiji leo. Si bili ya umeme, kwa sababu wati 20 za ziada kwa saa tano za kila siku hazifikii shilingi 50 za LUKU. Gharama iko kwenye uwezekano wa kupoteza chombo. Katika laptopu, kadi imechomelewa kwenye ubao mkuu. Ikifa, mara nyingi ubao wote umekufa, na kuichomelea upya chipu kunahitaji mashine na mkono ambao haupatikani kila mji. Mwenye mashine Mbingu ataipakia kwenye basi au treni ya TAZARA kuelekea mjini, na siku zote hizo hafanyi kazi. Laptopu iliyonunuliwa ikiwa imetumika haina dhamana ya mtengenezaji ya kumkimbilia. Kwa hiyo faida ya fremu tatu inawekwa mezani dhidi ya chombo kizima cha kipato, na kadiri mtu alivyo na uwezo mdogo, ndivyo dau hilo linavyozidi kuwa baya. Ushauri wa kuovakloki hutolewa kwa jina la mnyonge, lakini anayeweza kuufuata kwa amani ni mwenye mashine ya pili.

Kuna kundi jingine ambalo halisemwi sana: wanaotumia kadi kwa hesabu. Ifakara si mji wa gemu na harusi tu. Ni makao ya Taasisi ya Afya Ifakara, ambayo mizizi yake inarudi kwenye maabara iliyoanzishwa na Waswisi katika miaka ya 1950. Mwaka 2022 watafiti wake, pamoja na wenzao wa Glasgow na Burkina Faso, walichapisha katika jarida la Nature Communications njia ya kutambua umri na aina ya mbu kwa mwanga wa infraredi na mashine zinazojifunza, wakitumia mbu zaidi ya 40,000. Kazi za namna hii ndizo ambazo kadi za grafiki zinazifanya vizuri, na mwanafunzi anaweza kujaribu modeli ndogo kwenye laptopu yake. Lakini kadi za kawaida za laptopu hazina kumbukumbu inayosahihisha makosa yake kama zile za seva. Ikisukumwa hadi ukingoni, si lazima igande. Inaweza kuendelea huku ikitoa namba iliyokosewa. Kwenye gemu kosa hilo ni doa la rangi linalopita. Kwenye jedwali la utafiti ni matokeo yasiyo ya kweli ambayo hakuna atakayeyashuku. Kwa kazi ya hesabu, basi, kuovakloki hakufai hata chumba kingekuwa na kiyoyozi.

Njia iliyo kinyume chake ina mantiki zaidi. Programu zilezile zinazopandisha masafa zinaweza kuonyesha mchoro wa volti na masafa, na mtumiaji akachagua kasi ya kawaida ya kadi yake kisha akaipa volti ndogo kuliko ilivyozoea. Kadi inapoa, na kwa kuwa inajipandisha yenyewe pakiwa na nafasi, mara nyingi kasi halisi ya saa ya pili ya kazi inakuwa kubwa kuliko ile ya mtu aliyeongeza megahezi. Hii nayo si dawa isiyo na masharti. Volti ikishushwa kupita kiasi mashine itaganda au itatoa picha zenye madoa, kwa hiyo hatua ziwe ndogo na majaribio yawe marefu, tena yafanywe mchana wa joto, si usiku wa manane. Kwa upande wa prosesa mlango huu umefungwa kwenye mashine nyingi, baada ya udhaifu wa kiusalama uliopewa jina la Plundervolt kutangazwa Desemba 2019. Kwa kadi ya grafiki mlango bado uko wazi katika laptopu nyingi.

Mpangilio wa hatua, kwa hiyo, unajieleza. Kwanza feni na mapezi visafishwe na fundi abadilishe pesti ya kupitishia joto iliyokauka, halafu laptopu iinuliwe nyuma ivute hewa. Ramu ya pili ifuate pale ambapo grafiki imo ndani ya prosesa. Kisha volti zishushwe na kasi ipimwe baada ya nusu saa ya kazi, si dakika ya kwanza. Baada ya hayo yote, kama kadi iko mbali na mpaka wake wa joto na wa wati, na kazi ni ya burudani, na kupoteza mashine hakutamtoa mtu kazini, aovakloki kwa amani, kwa sababu hapo kuna nafasi ya kweli inayongoja kutumika. Anayekosa sharti moja kati ya hayo ajue kwamba anaongeza joto tu. Bondeni Kilombero wanaotimiza masharti yote ni wachache, na wengi wao watagundua kwamba hatua za mwanzo zimeshawapa kasi waliyoitafuta.